Kodi ya jengo ndani ya tokeni: mwenye nyumba wa Mwandoya apinge nini, na wapi?

Mkulima wa pamba wa Mwandoya, mkoani Simiyu, anampa wakala shilingi 5,000 anunue umeme. Muda si mrefu ujumbe unaingia kwenye simu: tarakimu 20 za tokeni, idadi ya uniti, kisha mistari ya makato. Kama yumo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti moja ni shilingi 100. Juu yake inaongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati, hivyo uniti inamgharimu shilingi 122. Kwa hesabu hiyo 5,000 ilipaswa kumpa uniti 41 hivi. Lakini haya ni manunuzi yake ya kwanza mwezi huu, na mfumo umeanza kwa kutoa shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Anaingiza uniti 28 na ushee. Uniti 12, ambazo kwa nyumba yenye taa tatu, redio na chaji ya simu ni umeme wa siku nyingi, zimelipa kodi.

Hakuna mthamini aliyekuja kuitazama nyumba hiyo. Hakuna aliyepima ukubwa wake, aliyehesabu vyumba wala aliyeuliza bati liliezekwa mwaka gani. Hakuna hati ya makadirio iliyoletwa na mtendaji wa kijiji. Kuna mstari mmoja kwenye ujumbe wa simu, basi. Sasa mtu wa namna hii akiona ametozwa isivyo haki, anakata rufaa dhidi ya nini?

Swali hili halina jibu jepesi, na ndilo linalostahili kuulizwa katika mkoa kama Simiyu, ambako kodi ya majengo ilikuwa habari ya mijini, ikasikika redioni kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mpaka ilipoingia nyumbani kupitia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Tuanze na sheria ilivyokuwa ikifikiri. Sheria ya Mamlaka za Miji ya kutoza kodi za majengo, ya mwaka 1983, ilijengwa juu ya uthamini. Halmashauri ya mji ilitakiwa kuandaa daftari la uthamini, ikiorodhesha majengo moja baada ya jingine pamoja na thamani yake. Kilichothaminiwa ni jengo peke yake, kwa kuwa ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na mmiliki wake hulipa pango la ardhi kwa njia nyingine kabisa. Thamani ilitafutwa sokoni, na pale soko lilipokuwa halisomeki, kwa gharama za kulijenga upya jengo hilo baada ya kupunguza uchakavu. Halafu mwenye nyumba alipewa nafasi: daftari liwekwe wazi, alisome, na kama jengo lake la tofali za kuchoma limeandikwa kana kwamba ni la zege, apeleke pingamizi. Sheria iliweka hata baraza la kusikiliza mabishano hayo ya uthamini.

Kwa maneno mengine, rufaa ilikuwa imeshonwa ndani ya kodi yenyewe. Mwenye nyumba alikuwa na kitu cha kukipinga, nacho ni tarakimu iliyoandikwa na mtu mwenye jina na taaluma, ambayo angeweza kuilinganisha na nyumba ya jirani.

Tatizo ni kwamba madaftari hayo hayakukamilika. Kuthamini ni kazi ghali, wathamini walikuwa wachache, na miji ilikua kwa kasi kuliko kalamu zao. Nyumba nyingi zikawa nje ya daftari, na zilizokuwamo zikabaki na thamani za miaka iliyopita. Serikali Kuu ikajaribu dawa ya kuhamisha mkusanyaji. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilichukua kazi hiyo katika manispaa za Dar es Salaam. Mwaka 2014 ikairudisha kwa manispaa. Mwaka 2016, kupitia Sheria ya Fedha, ikaichukua tena, safari hii kwa upana zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway, akiwamo Odd-Helge Fjeldstad aliyefuatilia kodi za serikali za mitaa Tanzania kwa miaka mingi, walizifuatilia kwa karibu safari hizi za kwenda na kurudi.

Dawa ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Jengo lisilothaminiwa likawekewa kiwango kimoja: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Wakazi wa miji wanakumbuka foleni za katikati ya mwaka 2017 nje ya ofisi za TRA, watu wakiwa na vibahasha mkononi, wazee wamekaa kwenye ukingo wa maua wakisubiri kuitwa. Kisha likaja bunge la bajeti la Juni 2021. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alitangaza kwamba kodi ya majengo italipwa kupitia manunuzi ya umeme, na makato yakaanza tarehe 20 Agosti mwaka huo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kuanzia Julai 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa mwaka ni 18,000 na 90,000.

Kwa upande wa ukusanyaji, hii ni hatua kubwa, na haifai kuibeza. Foleni zimekwisha. Hakuna mgambo anayegonga mlango. Kwa watu wa Usukumani wenye umri wa kutosha, jambo hilo lina uzito wake, maana wanakumbuka kodi ya kichwa, iliyoitwa rasmi kodi ya maendeleo, na vijana waliokuwa wakilala porini kukwepa msako, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wao nao waliikuta kodi ya vibanda ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa Aprili 1898 kwa rupia 3 kila kibanda cha shamba, kibanda kiwe kikubwa au kidogo. Kiwango kimoja kwa kila nyumba, bila kuuliza thamani yake, ni jambo lenye historia ndefu katika nchi hii.

Lakini kiwango kimoja kina bei yake, na bei hiyo inalipwa na nyumba ndogo. Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye thamani ya shilingi milioni 15 pale Mwandoya, na nyumba nyingine ya chini, isiyo na ghorofa, yenye thamani ya milioni 300 kwenye kiwanja kizuri cha Mwanza. Zote mbili ni "nyumba ya kawaida". Zote hulipa 18,000 kwa mwaka. Ya kwanza imetozwa asilimia 0.12 ya thamani yake, ya pili asilimia 0.006. Mwenye nyumba ndogo anabeba mzigo mara 20 ya mwenzake kwa kila shilingi ya thamani. Na hapa ndipo penye uchungu: hoja hii, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, haipelekwi kwenye rufaa yoyote. Kiwango kimewekwa na Bunge. Ofisa wa kodi hana mamlaka ya kukipunguza kwa sababu nyumba ni ndogo, na bodi ya rufaa haiwezi kukifuta kwa sababu ni kikali. Hoja hiyo ni ya mbunge, apewe kabla ya Juni.

Je, basi mwenye nyumba hana cha kupinga? Anacho. Ugomvi umehama tu, umetoka kwenye thamani na kuingia kwenye hali halisi ya jengo. Nyumba iko wapi, ni jengo la aina gani, ni la nani, nani anaishi ndani, na mita ngapi zinalihudumia. Kila moja ya hizo ni hoja ya kisheria, na kila moja inaweza kuwa imeandikwa vibaya kwenye mfumo, kwa sababu mfumo ulianza kwa kuazima taarifa za mita za shirika la umeme, TANESCO. Mita inajua inapeleka umeme wapi. Haijui kama anayeutumia ni mwenye nyumba au mpangaji, ana miaka 40 au 70, wala kama hilo ni banda la kuku au chumba cha kulala.

Hoja ya kwanza, kwa Mwandoya, ni ya mahali.

Mwandoya ni kata ya Wilaya ya Meatu, na makao makuu ya wilaya yako Mwanhuzi. Mkoa wenyewe, Simiyu, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi, ambako kuna halmashauri ya mji. Bariadi mjini hakuna ubishi: ni mji, na kodi ya mji inamhusu mkazi wake. Mwandoya ni senta ya biashara ndani ya halmashauri ya wilaya, yenye nyumba za tofali na bati, na ukitoka kidogo unaingia kwenye mashamba ya pamba na vijiji ambavyo nyumba za udongo na nyasi bado zipo. Kodi hii ilizaliwa kuwa kodi ya miji, kama jina la sheria lenyewe linavyotamka, kisha marekebisho ya baadaye yakaipeleka kwenye halmashauri za wilaya, kwa maeneo yenye sura ya mji. Kwa hiyo kati ya kitovu cha senta na kitongoji cha pembeni kuna mpaka, na mpaka huo ndio unaoamua kama mtu anadaiwa au hadaiwi.

Nguzo za REA hazikufuata mpaka huo. Zilikwenda kwa mwananchi wa kijijini kwa ada ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000, na ndivyo ilivyostahili. Lakini mita iliyofungwa kijijini inafanana na iliyofungwa mjini, na mwenye nyumba wa kitongojini anayeona makato ya kodi ya jengo kwenye tokeni yake ana haki ya kuuliza: eneo langu limetangazwa na nani, lini, kuwa eneo la kutozwa? Swali hili liulizwe kwa maandishi, likiambatana na barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja kijiji na kitongoji ilipo nyumba. Ni hoja safi kuliko zote, kwa sababu jibu lake lazima liwe waraka. Ama eneo limo kwenye tangazo, ama halimo.

Hoja ya pili ni ya jengo lenyewe. Sheria imezisamehe nyumba za udongo, za nyasi, tembe na za asili za namna hiyo zinazokaliwa na watu. Simiyu ni mkoa ambao msamaha huu si pambo. Kuna nyumba za udongo zenye umeme, taa moja inaning'inia chini ya paa la nyasi, na mita ya nyumba hiyo haina namna ya kusema kuta zake ni za nini. Ushahidi hapa ni rahisi: picha ya nyumba, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, namba ya mita. Ugumu unaanza kwenye nyumba zilizo katikati, ukuta wa udongo uliopigwa plasta ya saruji na kuezekwa bati. Ofisa mmoja atasema ni ya udongo, mwingine atasema ni ya kisasa. Safu hii inaona kwamba palipo na shaka ya namna hiyo, msamaha umwendee mwenye nyumba, lakini asitegemee kupewa bila kuomba.

Msamaha mwingine ni wa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Huu ndio msamaha unaowagusa watu wengi zaidi, na ndio unaopotea zaidi, kwa sababu mita mara nyingi haikuandikwa kwa jina la mzee. Aliyefuatilia fundi, aliyejaza fomu, aliyelipa ada ni kijana wake anayefanya kazi Mwanza au Arusha, na jina lililoingia TANESCO ni la kijana. Babu ana miaka 72, kitambulisho cha NIDA kinathibitisha, kijiji kizima kinamjua kuwa mwenye mji, lakini kwa macho ya mfumo nyumba ni ya kijana wa miaka 35. Hapo mzee anatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: umri, umiliki, na kwamba anaishi humo. La umri lina kitambulisho. La umiliki, mahali ambapo hati miliki ni chache, linategemea barua ya serikali ya kijiji na, pale inapowezekana, makubaliano ya mauziano au maelezo ya wanafamilia. La tatu ni la mtendaji na majirani.

Na kama mzee amefungua fremu mbili za duka upande wa barabarani? Msamaha ni wa makazi, na nyumba inayoingiza kodi ya pango inapoteza sehemu ya hoja yake. Familia ziliangalie hilo kabla ya kupeleka barua, maana barua isiyosema ukweli wote ikigunduliwa inaharibu hata madai yaliyokuwa ya haki.

Kuna suala la mita nyingi. Kodi ni ya jengo, haitozwi kwa kila mita. Wapangaji wa nyumba moja wakifungiwa kila mmoja mita yake ili kumaliza ugomvi wa nani ametumia pasi na nani ana friji, mfumo usiojua kwamba mita zote nne zipo chini ya bati moja unaweza kukata mara nne. Tangu mwaka 2021 mamlaka zilieleza kwamba mmiliki atoe taarifa ili ikatwe mita moja. Shilingi 1,500 mara nne ni 6,000 kwa mwezi, ni 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Mwenye nyumba za kupangisha ambaye hajawahi kukagua mita zake zote afanye hivyo leo.

Upande wa pili wa suala hilo yupo mpangaji. Sheria inamdai mmiliki. Tokeni inamkata aliyenunua umeme. Mpangaji wa chumba anayelipa kodi ya jengo lisilo lake ana haki ya kuidai kwenye pango, na njia ya amani ni kuandika kwenye mkataba, hata ule wa karatasi ya daftari, kwamba makato ya jengo yatatolewa kwenye kodi ya mwezi. Ujumbe wa tokeni ndio risiti yake. Asiufute.

Jambo jingine ambalo watu wa mkoa wa pamba wanalihisi zaidi ya watu wa mishahara ni limbikizo. Soko la pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Kuanzia Desemba hadi Machi fedha inakuwa shambani, kwenye mbegu, viuadudu na palizi, na kuna nyumba zinazokaa miezi miwili au mitatu bila kununua umeme. Kodi haisubiri. Kila mwezi usionunuliwa umeme unaongeza deni, na deni hudaiwa siku mtu anaponunua tena. Ndiyo maana mtu anaweza kutuma 5,000 akapata uniti chache mno, akadhani wakala amemwibia. Kabla ya kugombana na wakala, asome mistari ya makato na kugawa kiasi kwa 1,500. Ikitoka miezi mitatu na kweli hakununua miezi miwili kabla ya huu, hesabu iko sawa. Isipogawanyika au ikizidi miezi aliyokosa pamoja na mwezi huu, ameshapata hoja.

Sasa njia ya kupeleka hoja. Kosa linalowaponza wengi ni kulalamika kwa mdomo. Mtu anakwenda dirishani TANESCO, anaambiwa suala la kodi ni la TRA. Anakwenda TRA, anaambiwa taarifa za mita ni za TANESCO. Anarudi nyumbani, na safari ya kutoka Mwandoya imekula fedha kuliko kodi ya miezi kadhaa. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kufika.

Kwa kodi zinazosimamiwa na TRA, njia ya jumla imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Asiyeridhika na uamuzi wa kodi huwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi, akieleza sababu, ndani ya siku 30 tangu apokee uamuzi huo. Sharti la pingamizi ni kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akubali kupunguza au kusamehe sharti hilo. Mtu wa LUKU hana haja ya kuhangaika na theluthi. Keshalipa yote kabla hajauliza swali. Asiporidhika na jibu, anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani, kwa hoja za kisheria.

Ngazi hizo ni nzuri kwa kampuni yenye mhasibu na wakili. Kwa mtu anayedai 18,000 ni ndefu mno, na zaidi ya hapo zina tundu mwanzoni kabisa: siku 30 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipopokelewa, na mwenye nyumba wa LUKU hajapokea uamuzi. Amepokea tokeni. Je, siku zilianza Agosti 2021 makato yalipoanza? Zinaanza upya kila mwezi? Mwenye nyumba asiachie swali hilo lijibiwe na mtu mwingine kwa hasara yake. Alazimishe uamuzi upatikane. Aandike barua kwa meneja wa TRA wa mkoa, Bariadi, nakala kwa TANESCO, akitaja namba ya mita, kijiji, aina ya jengo, sababu ya kupinga na anachoomba: kusitishwa makato, kufutwa deni, au kurejeshewa kilichokatwa. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu litakalokuja kwa maandishi ndilo uamuzi anaoweza kuupinga, na siku zake 30 zitakuwa na mwanzo unaojulikana. Maombi ya kurejeshewa fedha nayo yana ukomo wake wa muda, kwa hiyo kukaa kimya miaka mingi kwa kuwa kiasi ni kidogo ni kuzitupa fedha.

Pia kuna mlango ambao wengi hawaujui. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka ofisi huru ya kupokea na kusuluhisha malalamiko na taarifa za kodi. Haina mamlaka ya kubadilisha kiwango wala sera, lakini malalamiko ya huduma na utaratibu, kama vile barua iliyokaa bila kujibiwa au mzee anayezungushwa kati ya madirisha mawili, ndiyo kazi yake hasa. Kwa madai madogo ni njia inayofaa kujaribiwa kabla ya Bodi.

Majirani wamefanya nini? Kenya imekwenda njia tofauti kwa kutoza thamani ya kiwanja badala ya jengo. Nairobi iliishi kwa miongo minne na daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikitoza asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale, kabla ya kuhamia daftari jipya na kiwango cha asilimia 0.115. Sheria yao ya uthamini ilimpa mwenye mali siku 28 tangu daftari litangazwe ili apeleke pingamizi, na mahakama maalumu ya uthamini ya kulisikiliza. Uganda nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2006, iliisamehe nyumba anayoishi mwenyewe, hivyo Kampala ubishi mwingi ni wa hali halisi: unaishi humo, au umepangisha?

Mfano unaofaa kusomwa Dodoma, hata hivyo, uko mbali zaidi. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ulianza mwaka 2020 kutumia mfumo wa alama. Majengo yalitambuliwa kwa picha za setilaiti, kisha kila jengo likapewa alama kwa mambo yanayoonekana kwa macho: ukubwa, aina ya kuta, paa, eneo lilipo. Hakuhitajika mthamini wa kila nyumba, na idadi ya majengo kwenye daftari ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Muhimu kwa hoja hii ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuona alama alizopewa na kusema: mmeandika paa la vigae, langu ni bati lenye kutu, njooni muone. Hiyo ni rufaa ambayo mtu asiye na wakili anaiweza. Tanzania tayari ina mita karibu kila mtaa, ina watendaji wa vijiji wanaozijua nyumba kwa majina ya wenyewe, na ina simu ya kutuma ujumbe. Kinachokosekana ni karatasi moja kwa mwaka, au ujumbe mmoja wa simu, unaomwambia mwenye nyumba: jengo lako tumeliandika hivi, kwa mmiliki huyu, katika eneo hili, kwa mita hii, kama si kweli, jibu ndani ya siku kadhaa.

Mpaka siku hiyo ifike, mtendaji wa kijiji ndiye anayebeba kazi ambayo sheria haikumpa. Barua yake ndiyo inayothibitisha umiliki wa nyumba, makazi ya mzee, udongo wa kuta na upande wa mpaka. Halmashauri ya Meatu inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti wala Bunge: kubandika kwenye mbao za matangazo za vijiji orodha ya maeneo yanayotozwa kodi ya majengo na yasiyotozwa, na kuwapa watendaji fomu moja inayofanana ya kuthibitisha msamaha, yenye nafasi ya namba ya mita, ili mzee wa Mwandoya asafiri kwenda Bariadi mara moja tu, akiwa na karatasi zote mkononi.